Daktari wa upasuaji amekataa kumpasua mama. Basi daktari wa saratani ni yupi?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mamangu ana miaka 56. Mwezi wa Rajabu alihisi kitu kigumu kwenye titi la kushoto, akanyamaza nacho hadi Idi ikapita. Tulianza hapa hospitali ya King Fahd, tukatumwa Malindi kupigwa picha, Malindi wakatutuma Mombasa. Huko alidungwa sindano nene akatolewa kinyama, tukangoja majibu wiki tatu. Daktari wa upasuaji ameyasoma majibu, akampapasa kwapani, kisha akasema hapasui kwa sasa, aende kwanza kwa daktari wa dawa. Huyo wa dawa naye ameshataja daktari wa mionzi. Majirani wanatwambia tunazungushwa ili pesa ziliwe. Shangazi anasema wamekataa kupasua kwa kuwa hakuna matumaini. Daktari wa saratani hasa ni yupi kati ya hawa wote? Na mama mwenyewe anauliza lake: mjukuu wake anaolewa mwezi ujao, aruhusiwe kutia hina?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mpe mama pole nyingi, na umwambie swali la hina nimelisikia, nitalifikia.

Nianze na shangazi, maana neno lake ndilo litakalomnyima mama usingizi. Daktari wa upasuaji kusema "sipasui kwa sasa" si sawa na kusema "hakuna la kufanya". Titi lenye uvimbe uliokwisha kuwa mkubwa, au lililoandamana na tezi za kwapa zilizovimba, mara nyingi huanziwa na dawa. Ndivyo inavyofanywa Mombasa, ndivyo inavyofanywa London. Dawa huupunguza uvimbe, na siku kisu kinapokuja kinakuta kazi imepungua. Tena kuna faida ambayo wengi hawaambiwi: uvimbe ukiwa bado upo, daktari anauona na kuupima, anajua kama dawa inafanya kazi au haifanyi. Ukishautoa, unampa mgonjwa dawa gizani. Sijamwona mama, nasema kwa ulivyonieleza, lakini kwa miaka niliyofanya kazi hii, daktari anayekimbilia kisu siku ya kwanza ndiye anayenitia wasiwasi.

Sasa swali lako. Hakuna mtu mmoja ambaye ndiye daktari wa saratani. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yuleyule mnayemtoa kwenye mikoko, na Wagiriki nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa zile mishipa inayotambaa pande zote kama miguu. Mnyama mwenye miguu mingi hashikwi na mtu mmoja. Kila daktari uliyemtaja anashika mguu wake, na kosa la hospitali zetu si kwamba wako wengi, ni kwamba hakuna anayekaa chini na familia kuwaeleza nani anashika upi.

Aliyeamua mengi zaidi kuhusu mama ni daktari ambaye hamjamwona na huenda msimwone kamwe. Anaitwa mwanapatholojia, na kazi yake iko mezani, kwenye hadubini. Vile vinyama alivyotolewa mama, vyembamba kama tambi, vilitiwa kwenye formalini, dawa ya maji ya kuhifadhi kinyama kisioze, vikakamuliwa maji, vikazamishwa ndani ya nta, nta ikaganda, kisha fundi wa maabara akakata humo utando mwembamba kiasi kwamba ukipumua juu yake unapeperuka. Utando ule ukalazwa juu ya kioo, ukatiwa rangi, ndipo mwanapatholojia akaukodolea jicho. Yeye ndiye anayesema ni saratani au si saratani, ya aina gani, na ina ukali gani. Wengine wote kabla yake, nikiwemo mimi, tunakisia. Mtu akikwambia "hii ni saratani" kwa kuutazama tu au kwa picha peke yake, anaweza kuwa amekisia sawa, lakini bado ni kisio.

Na kwa titi, kazi yake haiishii hapo. Anarudi kwenye nta ileile, anakata utando mwingine na kuutia rangi maalumu kutafuta alama tatu: ER, PR na HER2. Mbili za kwanza zinaonyesha kama saratani inalishwa na homoni za kike, ya tatu inaonyesha kama ina protini fulani inayoisukuma ikue. Alama hizi ndizo zinazochagua dawa. Mamako akiwa na jirani mwenye saratani ya titi, wakapewa dawa tofauti kabisa, msidhani mmoja kapunjwa. Hizo wiki tatu mlizongoja zilikuwa za kazi hii. Ziko ndefu, sikatai, lakini si hila.

Nilizungumze hili zaidi kidogo kwa sababu nimeona madhara yake. Alinijia mzee mmoja mvuvi, ana kovu zuri mgongoni, limeshonwa vizuri kabisa. Uvimbe ulitolewa mahali, siku hiyohiyo ukatupwa. "Walinambia wameung'oa na mizizi yake," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka nikubali. Mwaka haujaisha, tezi za kwapa zilikuwa zimevimba. Nikaomba karatasi ya maabara, hana. Kovu haliwekwi chini ya hadubini. Ilibidi tuanze mwanzo, tumkate kinyama cha kwapani, tungoje, na wakati wote huo ugonjwa haukuwa ukitungoja sisi. Kwa hivyo yeyote atakayemkata mama chochote, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, muulizeni: kinakwenda maabara gani, na karatasi tutaipata lini?

Nyinyi watu wa visiwani huenda siku moja mkakabidhiwa wenyewe kichupa mkipeleke. Kinyama kikae kwenye formalini iliyokizidi kama mara kumi, chupani mwenye mdomo mpana, kwa sababu kikishaiva kwenye formalini kinakuwa kigumu, hakitoki tena kwenye shingo nyembamba. Jina liandikwe kwenye kichupa chenyewe na si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana. Msitie barafu, msitie kwenye friji, msiongeze maji wala spiriti. Na msikae nacho nyumbani wiki nzima mkitafuta nauli: kwa vile vipimo vya alama tatu, kinyama kinatakiwa kikae kwenye formalini si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, la sivyo majibu huweza kudanganya. Ukihesabu boti ya kwenda Mokowe na basi la kupitia Garsen na Malindi hadi Mombasa, muda upo wa kutosha, mradi mwondoke kesho yake. Mwenzangu wa maabara aliwahi kunionyesha kinyama kilichosafirishwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, kwenye maji ya chumvi. Kilikuwa kimeoza. Hakuna alichoweza kusoma.

Basi kuna uvimbe ambao kisu si wake kabisa, na aliyetufundisha hilo ni mtu wa kisu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, akawa anaona watoto wanaovimba taya. Mwaka 1958 aliandika kuwahusu. Aliona kupasua hakuwasaidii, na baadaye yeye na wenzake wakaona sindano za dawa zinauyeyusha uvimbe ule kwa siku chache. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo, na hupatikana zaidi kwenye nchi za malaria, Pwani yetu ikiwemo. Hili halimhusu mama, lakini kwa kuwa wasomaji wengi wana watoto: mtoto akivimba taya na meno yakalegea, msiishie kumng'oa jino. Uvimbe huu unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Wa kumtibu ni daktari wa saratani za watoto.

Turudi kwa mama. Daktari wa dawa, ambaye hospitalini anaitwa daktari wa onkolojia, ndiye watu wengi wanayemkusudia wakisema daktari wa saratani. Kwa kawaida huanza akiwa daktari wa magonjwa ya ndani, wa sukari na presha, kisha akasomea dawa za saratani juu yake. Atampima mama urefu na uzito, na hapo msichukulie kuwa ni desturi tu ya hospitali: kipimo cha kemo, yaani zile dawa kali za kuua seli za saratani, hukokotolewa kwa ukubwa wa mwili, kwa mita za mraba. Mama akikonda kilo kadhaa kati ya dawa moja na nyingine, mwambieni, hesabu inabadilika. Kabla ya kila dawa atachukuliwa damu, na siku nyingine mtasafiri kutoka Lamu mkaambiwa damu haijatosha, rudini wiki ijayo. Inaudhi, najua, nauli imekwenda. Ulizeni kama damu inaweza kupimwa Lamu siku mbili kabla, majibu yatumwe kwa simu. Mara nyingi inawezekana, ila hakuna anayewaambia.

Dawa za titi kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki mbili au tatu. Moja yao, doksorubisini, ni nyekundu kama maji ya tikiti, na mkojo wa siku ile hutoka mwekundu vilevile. Nimepigiwa simu usiku wa manane na watoto wanaolia wakidhani mama anakojoa damu. Waambie wa nyumbani mapema. Nywele zitatoka, na zitarudi.

Si kila dawa ni kemo. Ikiwa ER ya mama ipo, baadaye atapewa tembe za kumeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi: tamoksifeni, au kwa aliyekwisha kukoma hedhi, anastrozoli na jamii yake. Ikiwa HER2 ipo, kuna trastuzumabu, na dawa hiyo huweza kuuchosha moyo, kwa hivyo atatumwa kupimwa moyo kabla na wakati wa dawa. Siku hiyo akitajwa daktari wa moyo, tafadhali msiseme tena mnazungushwa.

Kwenye mionzi ndipo Kiswahili chetu kinapotuponza, maana neno moja tumelibebesha kazi mbili. Daktari wa picha, yule wa radiolojia, anatumia eksirei, ultrasaundi, CT au mamografia kutazama. Hatibu kwa mionzi. Daktari wa tiba ya mionzi ni mtu mwingine kabisa, na mashine yake haipigi picha ya kuondoka nayo. Inapiga seli za saratani ili zisizaliane tena. Chanzo chao ni kimoja: Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, na haukupita mwaka kabla watu hawajaanza kuijaribu kutibia. Mamako alipopigwa picha Malindi hakuwa "amepigwa mionzi", na asikubali mtu kumtisha kwamba ameshamaliza nafasi yake.

Mionzi ya titi mara nyingi huja mwisho, baada ya kisu. Zamani ilikuwa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Siku hizi wanawake wengi hupewa mara 15 kwa wiki tatu, na matokeo ni mazuri vilevile. Kwa mtu wa Tudor, hapohapo Mombasa, tofauti hiyo si kubwa, lakini kwa mtu wa Langoni ni wiki mbili nzima za kulala kwa watu Mombasa. Ulizeni waziwazi: "Ratiba fupi inamfaa mama?" Shukuruni pia kwamba mnasema Mombasa. Miaka michache tu nyuma mgonjwa wa Pwani wa hospitali ya serikali alikuwa lazima apande hadi Kenyatta, Nairobi, akangoje zamu kwa miezi. Kila kikao ni dakika chache, hakiumi, na akitoka hana mionzi mwilini, anaweza kumpakata mjukuu. Atachorwa alama kwenye ngozi, mbayambaya kama piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, iliyotiwa na mtoto. Anayemwogesha asizisugue kwa dodoki. Mashine inalengwa kwa alama zile.

Msishangae pia mkimkuta daktari mmoja anayeandika kemo na mionzi pamoja. Kwa mfumo wa Uingereza, ambao nchi zetu ziliurithi, mtaalamu mmoja husomea yote mawili. Marekani wametenganishwa.

Na yule wa upasuaji hajaenda popote. Atarudi dawa zikishafanya kazi yake, na wakati huo kutakuwa na uamuzi: kuondoa titi lote au sehemu tu. Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia walifuata wanawake kwa miaka 20, wakatangaza mwaka 2002 kwamba kwa saratani iliyogunduliwa mapema, waliotolewa sehemu tu kisha wakapigwa mionzi waliishi muda sawa na waliotolewa titi lote. Lakini mionzi ndiyo nusu ya mkataba huo. Anayejua kwamba hataweza kuimaliza, kwa nauli au kwa sababu nyingine, aseme kabla ya kisu, si baada. Mimi sioni aibu mama akichagua kutoa lote ili apunguze safari, wala sioni aibu akitaka kubaki na titi lake katika umri huo. Muulizeni yeye, na si wanaume wa nyumba.

Wengine niwapitie upesi. Saratani ya mlango wa kizazi ina daktari wa wanawake aliyesomea saratani, ya tezi dume huanza kwa daktari wa njia ya mkojo, ya koo na pua kwa daktari wa masikio, pua na koo. Saratani za damu ni za mwanahematolojia, na huko kwa kawaida hakuna uvimbe wa kukata, kwa hivyo hakuna anayegombania kisu.

Kuna mmoja hamjatajiwa, nami nataka mumtafute mapema: mtu wa tiba shufaa. Watu wakisikia jina hilo wanadhani ni wa kuaga. Si hivyo. Kazi yake ni maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hofu, na anaweza kufanya kazi hiyo siku moja na daktari wa kemo. Morfini ya maji ya kunywa, dawa ya maumivu makali, ikipimwa vizuri haimfanyi mama teja, ila itamfunga choo, kwa hivyo iende pamoja na dawa ya choo tangu siku ya kwanza. Mombasa kuna Coast Hospice, na wanajua kazi yao.

Nani mwenye usukani, basi? Miezi ya dawa ni daktari wa onkolojia, wiki za kisu ni daktari wa upasuaji, na juu yao panatakiwa pawe na kikao, ambapo wote, pamoja na wa picha na wa hadubini, wanaitazama kesi ya mgonjwa mmoja na kukubaliana mpango. Swali la kuuliza mkirudi ni hili: "Kesi ya mama imejadiliwa kikaoni?" Kama bado, ombeni ijadiliwe. Yule daktari wenu kusema "nenda kwanza kwa wa dawa" kunanionyesha ama kikao kimeshafanyika ama anafanya kazi kama kwamba kimefanyika. Kuhusu majirani na pesa: nyingi kati ya hatua hizi SHA, bima ya afya ya serikali, inataka ziidhinishwe kabla, kwa hivyo hakikisheni mama amesajiliwa na michango iko sawa kabla ya siku ya dawa, na baki na nakala ya kila karatasi. Ile ya patholojia ipigeni picha ya simu.

La mwisho kabla ya hina, na hili nililiweke wazi kuliko yote. Nunueni kipimajoto. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya kemo chembe nyeupe za damu hushuka, na homa ya nyuzi 38 wakati huo si malaria ya kungojea asubuhi. Ni King Fahd usiku huohuo, na neno la kwanza kusema mlangoni ni "yuko kwenye kemo". Hapo daktari muhimu kuliko sisi wote ni yule wa zamu Lamu, maana hakuna boti wala basi litakalomfikisha Mombasa kwa wakati. Mwombeni daktari wa onkolojia awape barua fupi ya dawa alizopewa, ikae kwenye mkoba wa mama.

Hina: atie. Iwe hina ya majani, na ngozi isiwe na nyufa wala vidonda. Piko aiache, hasa ile inayochanganywa na rangi ya nywele, inaunguza hata ngozi iliyo nzima. Viganja na kucha za mkono mmoja aviache vyeupe, kwa sababu ndipo tunapotazama kama damu imepungua, na hina inatuficha. Na kama harusi inaangukia wiki ya pili baada ya dawa, mwambieni daktari tarehe sasa hivi. Kusogeza dawa siku chache kwa ajili ya harusi ya mjukuu ni jambo tunalolifanya.